Afisa Kaja, Mimi Nimeshadeki

Jamani, leo nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua namuuguza mama mkwe tangu apooze upande mmoja. Nimnyanyue, nimwogeshe, nimlishe, usiku nimgeuze. Mshahara sina, mapumziko sina.

Basi leo kaja afisa hapa kwetu Bredäng, huku Sweden. Anazungukia hizi ghorofa mpya, anawauliza wanaouguza ndugu zao wanataka nini kwenye ile sheria ya huduma za jamii inayosemwa redioni kila jioni.

Nami kwa kuwa nilijua mgeni anakuja, niliamka alfajiri. Nikadeki, nikamwogesha mama, nikamchana nywele, nikakaanga na maandazi.

Kaingia, kaketi. "Mnaendeleaje na uuguzi?"

Nikamjibu kama nilivyolelewa: "Salama kabisa, tunashukuru."

Si ndivyo? Kwanza salamu, mgeni anywe kahawa, halafu ndiyo unamtolea ya moyoni. Habari za mgongo wangu unaouma nilikuwa nimezipangia andazi la pili.

Hakufika la pili. Katazama sakafu inavyong'aa, katazama mama anavyonukia sabuni, kasimama.

"Familia zote zingekuwa kama yenu," akasema, "tusingehitaji sheria."

Huyo, kaingia kwenye lifti. Nimebaki mlangoni na sahani mkononi.

Nyie wenzangu, mngemkimbilia? Semeni ukweli.

Jioni mume wangu karudi kutoka kazini. Ni Msweden, lakini salamu nilimfundisha mwenyewe.

"Habari za leo?"

"Nzuri," nikasema, nikaenda kumgeuza mama yake.