Magurudumu ya Kontena

Mume wangu ni mnene. Sisemi kwa kumsengenya. Yeye mwenyewe akisikia watu wanasema "mwili jumba" hucheka na kugeuka upande wa pili ili aonekane vizuri. Tunatengeneza makochi, yeye na mimi. Yeye anagonga fremu, anafunga springi na kupanga sponji. Mimi nakata vitambaa na kushona. Mtaani wanamwita Kontena. Mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu pacha ndio zawadi ya kwanza aliyonipa na mpaka leo sijapumzika.

Huyo Kontena anapenda baiskeli. Ingekuwa baiskeli ya kubebea magunia ningeelewa, lakini anapenda ya mbio, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na tairi nyembamba. Kila Jumamosi asubuhi anavaa kaptula ya kubana ambayo mimi nisingemruhusu aivae hata bafuni, anakwenda kukutana na wenzake kwenye kituo cha mafuta, wanavuka mlima hadi bwawani na kurudi. Akirudi ana furaha mpaka katikati ya wiki, na kochi analolitengeneza halina kasoro. Kwa hiyo na mimi nina faida yangu humo.

Tatizo lilikuwa gurudumu la nyuma. Spoki zilikuwa zinakatika. Jumamosi hii moja, ile nyingine mbili, ringi inayumba kama mlevi na kusugua breki, msafara mzima unasimama kumngoja Kontena. Kapteni wao, muuza miwani mwembamba mwenye shingo ndefu, akavumilia, akavumilia, akachoka.

"Kontena, tunakupenda," akamwambia mbele ya wote, "lakini spoki ikikatika tena, utakuwa unapanda pikapu ya maji. Baiskeli uiache nyumbani."

Pikapu ya maji inafuata msafara kwa nyuma, inaendeshwa na dada yake kapteni. Mume wangu alirudi nyumbani, akakaa kwenye kochi la mteja, jambo alilotukataza sote.

"Wanataka kunifanya mzigo, Mama Pacha."

Mtu wa kilo zake akinywea, nyumba nzima inapungua. Nikamwambia atafute magurudumu mapya. Hapo akafufuka. Kumbe alishayaona zamani, dirishani kwenye duka la baiskeli. Nikafuatana naye, maana ukimwacha peke yake na kitu kinachong'aa, yeye na mtoto ni wamoja.

Yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Meusi, mepesi, muuzaji aliyainua kwa kidole kimoja. Lakini spoki zenyewe chache, ungeweza kupitisha kichwa katikati yake.

"Haya ndiyo wanayotumia mabingwa," muuzaji akasema.

"Mabingwa wenyewe wana ukubwa gani?" nikauliza.

Akamtazama mume wangu kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa safari ndefu. "Wa kawaida tu, mama."

"Kiwandani wameandika mwisho yabebe mtu wa kilo ngapi?"

Akachukua karatasi iliyokuja nayo, akaisoma, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni. Tukaondoka.

Nyuma ya soko kuna fundi anayeunga magurudumu kwa mkono, spoki moja moja, kisha anazigonga kwa kucha na kusikiliza kama zote zina mlio mmoja. Alitueleza mpaka mimi nikaelewa. Wepesi tuutafute kwenye ringi: ya aluminiamu, pana kidogo, isiyo na mapambo. Spoki tusizipunguze, ila tuchukue zile nyembamba katikati na nene miishoni, kwa sababu spoki hukatikia miishoni. Na nyuma ziwe nyingi kuliko mbele, maana huko nyuma ndiko mtu anakokalia.

"Hizo spoki chache watu wanazozipunguza," akasema, "uzito wake haufiki hata funguo za nyumba yako. Haya, kaka, una kilo ngapi?"

"Tisini," mume wangu akajibu, hata kope haikucheza.

Nikakohoa. Fundi akaandika tisini ukutani kwa chaki. Mume humvui nguo mbele ya mwanamume mwenzake, kwa hiyo nilingoja mpaka tukafika nje.

"Tisini za nani, Baba Pacha? Tisini uliziaga kabla watoto hawajaota meno."

"Ni karibu karibu."

"Karibu na wapi? Mteja akija kuagiza kochi, wewe unamuuliza nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Nimeuliza, unamuuliza nini?"

"Nani atakalia."

"Na akikudanganya?"

"Springi zinalala," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Basi rudi ndani."

"Nenda wewe."

"Kwani mimi ndiye nitakayekalia?"

Akarudi. Nikamsikia: "Fundi, ile tisini, ongeza ishirini na tano." Kisha: "Na mkoba mgongoni."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Afadhali umesema, kaka. Ringi niliyokuwa nimeishika ni ya mtu mwingine kabisa. Na nyuma nitaongeza spoki."

Siku ya kuyachukua alitupa onyo moja tu. Tuyazungushe mtaani kwanza, kwa sababu spoki mpya hulia zinapojipanga mahali pake, tin, tin, kisha hunyamaza. Hapo tumrudishie azikaze. Mume wangu akaitikia kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akayapangusa kwa kitambaa cha kochi la bei, akayatundika sebuleni, akawakataza pacha kuyasogelea. Kila nikimkumbusha, ananijibu, "Yatachafuka." Jumamosi ikafika hayajaonja barabara.

Siku hiyo niliomba nafasi kwenye pikapu. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Hawajafika hata kwenye kona ya kwanza, tin! Vichwa vyote vikageuka. Tin! Tin! Kapteni akainua mkono, msafara ukasimama.

"Kontena. Pikapu."

Mume wangu alichanganyikiwa, maneno yote ya fundi yamemtoka kichwani. Nikamwona anafungua kofia yake. Nikashuka.

"Kapteni, mlikubaliana nini?"

"Shemeji, tulisema spoki ikikatika..."

"Nionyeshe iliyokatika."

"Tumeisikia wote hapa!"

"Mimi nimesema nionyeshe. Si wewe unauza miwani? Vaa moja, utafute."

Wenzake wakaangua kicheko. Akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye spoki moja baada ya nyingine, gurudumu la nyuma, la mbele, akarudia la nyuma. Akasimama anajikuna shingo.

"Hakuna."

"Zinajipanga!" mume wangu akaropoka, akili imemrudia. "Fundi alisema zitalia. Alitaka niyatembeze kwanza."

"Mbona hukuyatembeza?"

"Aliyatundika ukutani kama picha ya harusi," nikasema, nikarudi kwenye pikapu. Kapteni akabaki anacheka peke yake, akapuliza filimbi waendelee.

Mlimani mume wangu alikuwa wa mwisho. Magurudumu hayakusukumi, na kile kitambi hakikubaki nyumbani. Lakini kabla ya kufika kileleni mlio ulikuwa umekwisha. Kwenye mteremko ndipo nilipomwona mtu nisiyemjua. Zamani alikuwa anateremka amebana breki mwanzo hadi mwisho, akiogopa gurudumu lisimtupe. Safari hii aliachia. Mwili ule ukishika mteremko hauhitaji mafuta. Akampita mmoja, akawapita watatu, akampita kapteni huku anapiga kelele "Pisheni!" kama lori lililopoteza honi.

Chini kule barabara ni tambarare na upepo unapiga usoni. Yeye akainama, anakanyaga tu. Wenzake wakamfikia, lakini hakuna aliyempita; mmoja mmoja akaingia nyuma ya mgongo wake, wakajipanga kama vifaranga, wametulia, hata kapteni na shingo yake.

Bwawani kapteni alikuja kukaa karibu naye kwenye majani.

"Kontena, Jumamosi ijayo tambarare yote wewe ndiye mbele. Nyuma yako hakuna upepo kabisa, ni kama kukaa ndani ya nyumba."

"Na pikapu?" mume wangu akauliza.

"Pikapu itabeba maji."

Mume wangu akanyoosha mkono kwangu, akaomba chupa mbili za maji, yake na ya kapteni.