Barua za Duka la Breki

Jirani yangu hapa Buyenzi, muuza vipuri vya breki ambaye mtaa mzima unamwita Hajji, alikuja kwangu asubuhi na kompyuta kwapani. Oda aliyotuma Dubai kwa barua pepe ilikuwa imerudi tena bila kupokelewa. Muuzaji alimwekea mzigo hadi Ijumaa. Baada ya hapo angempa mwingine. Na kampuni ile haipokei oda kwa simu, inataka barua kutoka anwani ya duka.

Mambo haya nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kuharibu. Nilimweleza kwamba mtu yeyote anaweza kutuma barua pepe akaandika juu yake jina la duka lako. Ndiyo maana kompyuta ya mpokeaji huuliza: seva, yaani kompyuta iliyoileta, imeruhusiwa na mwenye duka? Barua ina sahihi yake? Tovuti ya Hajji haikuwa imeandikwa jibu la maswali hayo popote.

Tukaingia mahali jina la tovuti yake liliposajiliwa. Nikaandika seva inayoruhusiwa kutuma, nikaweka ufunguo wa kuhakiki sahihi, kisha mstari unaowaambia wapokeaji waifanyeje barua isiyopita mtihani. Tulikunywa chai ya tangawizi mabadiliko yakisambaa. Oda ikatumwa upya, na safari hii haikurudi.

Kwa tabia yangu ya kuhakikisha, nilijitumia barua moja ya majaribio. Sahihi ilikuwa safi kabisa, lakini barua ilitua kwenye kasha la taka.

Nikafungua barua zilizotumwa. Breki zilikuwa chache. Zilizojaa ni vikao vya harusi, vikumbusho vya michango ya harusi, shukrani za harusi, vyote kwa mamia ya watu. Duka la Hajji ndilo lenye intaneti nzuri, na Buyenzi huwezi kumnyima jirani kutangaza harusi, kama usivyoweza kumnyima viti vya msiba.

“Watu wamekuchoka, Hajji,” nikamwambia. “Wanakutupa kwenye taka. Mimi nimewathibitishia tu kwamba ni wewe kweli.”

Hajakaa sawa, akaingia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wake, na tangazo jipya kwenye simu. Hajji alitazama sakafu kwanza.

“Apana, dada. Hii adresi haitume harusi tena.”

“Ata yangu?”

“Ata yangu mi mwenyewe.”

Mama yule alinigeukia akauliza kama ni mimi niliyemfundisha mutu muzima roho mbaya. Nikamfungulia kundi la WhatsApp kwenye simu yake, nikaingiza namba za wanakamati. Aliondoka bila kuaga, lakini nikasikia tayari anarekodi ujumbe wa sauti.

Hajji akampigia karani wa Dubai, akamwomba atazame kwenye taka. Oda ilikuwa imelala pale. Karani akaitoa, akaiwekea alama kwamba si taka, na baada ya sala ya alasiri jibu likaingia: mzigo ni wa Hajji.

Aliusoma ujumbe ule polepole, akavaa kofia, akavuka barabara. Nilimwona amesimama mlangoni kwa fundi cherehani, akieleza kwa mikono miwili, na yule mama akiendelea kushona kana kwamba hasikii. Alipoacha kushona, akamsogezea kiti.