Kona Yetu Wameinyoosha

Leo nimegombana na dereva wa greda.

Kona yetu ya njia ya Tumbe wameinyoosha. Wazee waliipinda kuukwepa mkarafuu. Mkarafuu ukafa, kona ikabaki.

Kaja barazani kwangu anacheka. "Bi mkubwa, sasa unaona gari tangu mbali. Hujafurahi?"

"Sijafurahi, mwanangu. Kunywa uji kwanza, kisha nikugombeze."

Marehemu mume wangu alikuwa akirudi na samaki kwa baiskeli. Nikisikia kengele nyuma ya kona, naweka chungu motoni.

Kafa miaka mingi. Lakini kila kengele, mpaka mtu atokeze, ilikuwa yake.

Jioni kengele ikalia. Nikainua macho, nikamuona mpigaji tangu kule mbali.

Muuza mkate.

Wenye kona kwenu, hebu niambieni mnasikia nini.