Binti Aliyepanda Mizani ya Magunia

Juzi mashineni hapa Songea, nikiwa na mwanangu kifuani nasubiri kusagiwa, binti mmoja wa sekondari alipanda mizani ya magunia, akautazama mshale, machozi yakamtoka.

"Jumamosi sichezi netiboli. Shuleni wananiita gunia, kumbe kweli."

Mwenzake akamshauri aache kula jioni, awe kama wale wasichana wembamba wa kwenye kalenda za saluni. Mimi nikaingiwa na hofu, maana mwanangu ni wa kike, na kalenda hizo siku hizi zimejaa mjini.

Mama mmoja kwenye foleni akauliza, "We mwanangu, umejipima na mdogo wako mgongoni?"

Mtoto alikuwa amelala ndani ya kanga. Binti alikuwa amembeba tangu asubuhi mpaka akamsahau! Tulicheka mpaka vumbi la unga likatupalia.

Akamfungua mdogo wake apande tena, lakini yule mama akawahi kuikalia mizani, akajitandaza.

"Nimechoka, napumzika hapa. Wewe kacheze, Jumamosi nakuja kukutazama."

Binti akacheka, akasema atacheza. Nami nawaza, wangu akikua, nani atazikalia mizani zote za mji huu?