Mbio za Kulitangulia Jua Bondeni Makete

Sisi tuliokulia Makete, kule juu ambako mawingu hupita chini ya miguu, hatuhitaji mtu wa kutueleza baridi. Watoto wangu hapa La Rochelle, Johannesburg, Julai ikifika wanajifunika blanketi mbele ya hita na kulalamika kwa Kizulu. Nawacheka. Enzi zetu tulikwenda shule peku juu ya majani yaliyoganda, tukisimama pale ng'ombe alipolala ili nyayo zipate moto.

Leo nina diploma ya ufundi wa majokofu, niliyoisomea jioni baada ya kazi, bila mjomba wala mfadhili. Chumba cha baridi kikiharibika kwenye maduka ya Randburg, wananipigia mimi. Huniuliza nilijifunzia wapi kuielewa baridi namna hii. Nawaambia: nyumbani.

Na nyumbani kwenyewe kulikuwa milima pande zote, pareto nyeupe kwenye miteremko, na chini bondeni vinyungu, yaani bustani za kiangazi kando ya kijito. Humo ndimo tulimopanda viazi vya kula na vya mbegu. Tulivichoma kwenye majivu, tukavila na maganda yake, tukishushia maziwa mgando.

Adui wetu alikuwa barafu. Ilitanda alfajiri juu ya majani kama chumvi. Mgeni hudhani jua litaiyeyusha na mambo yataisha. Mwalimu wetu kutoka Lindi alilisubiri jua kwa furaha. Kufika saa sita viazi vyake vilikuwa vyeusi kama vimepikwa. Jua ndilo linaloua. Ilitubidi kuyaosha majani kwa maji ya kijito kabla halijayagusa. Na kwa kuwa lilishuka bondeni polepole, shamba baada ya shamba, desturi ilikuwa wote waanze kwa yule anayeguswa kwanza, kisha walitangulie jua hadi shamba la mwisho.

Wa kwanza tulikuwa sisi. Wa pili alikuwa Mama Tumaini, na mwaka ule yeye na mama yangu walikuwa hawasalimiani, kisa kuku aliyeparua mboga. Baba alikuwa Mbeya kibaruani, mama ametoka kujifungua. Barafu ilipotanda, mama akajifunga kanga, akashuka nasi watoto na makopo. Tulimwagia, tukamwagia, lakini shamba lilikuwa refu, na mwanga ulishafika kwenye pareto juu ya vichwa vyetu. Viazi vile vikiungua, hatuna chakula wala mbegu. Majirani walisimama njiani nyuma ya Mama Tumaini, maana hakuna aliyetaka kuingilia ugomvi wao. Mama hakuwaita. Aliinama, akaendelea.

Mama Tumaini akaingia shambani na ndoo kichwani.

"Usije ukanishukuru," alisema. "Nimevifuata viazi, sikukufuata wewe."

"Basi vimwagie viazi, mdomo uupumzishe," mama akamjibu.

"Mzazi bondeni na baridi hii! Akili umemwachia mtoto?"

"Nimemwachia, maana kwenu hakuna akili ya kuazima."

Watu wakaangua kicheko, wakaingia wote. Jua lilipofika kwenye mstari wetu wa mwisho, majani yalikuwa yanachuruzika maji, mabichi kabisa. Mama Tumaini alishakimbilia kwake, na mama yangu, licha ya uzazi wake, alikuwa nyuma yake na kopo.

Vijana wa leo ukiwaomba wakushikie ndoo wanauliza kwanza ina nini ndani. Mimi nimefika mbali, sioni haya kulisema. Mwaka 2017 nilikwenda nyumbani kutazama mali zangu. Sisi tulioondoka tumepanda misindano, miti ya mbao, kwenye vinyungu vyetu, nami nimelijaza shamba lote la mama. Miti yangu ndiyo mirefu kuliko yote bondeni. Ni mali ya uhakika: haitaki palizi, haiogopi barafu. Asubuhi nilisimama pale kwa fahari, mikono mfukoni, barafu imetanda, nikalitazama jua likishuka shamba baada ya shamba. Njiani hapakuwa na mtu, wala hapakuwa tena na sababu ya mtu kuja.