Chipukizi mwenye mvi: Msukuma vitanda wa Jette aliyejishtaki mwenyewe

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Onésime Bisimwa anafungua breki ya kitanda kwa ncha ya kiatu. Anamwinamia bibi kizee aliyelala juu yake na kumweleza kwa Kifaransa kwamba safari ya kwenda kupigwa picha ya nyonga ni lifti mbili na kona tatu, na kwamba dereva wake hajawahi kugonga ukuta. Bibi anacheka. Kitanda kinaondoka taratibu, bila mtikisiko.

Hiyo ndiyo kazi yake katika hospitali moja ya Jette, kaskazini-magharibi mwa Brussels. Wenyewe humwita brancardier. Kwa Kiswahili cha kawaida, tuseme msukuma vitanda. Kwa zamu moja hutembea kilomita kumi na nne, na simu yake ya kazini ndiyo shahidi.

Ila wiki hii hatembei kwa amani. Kila anayepishana naye koridoni anamwita jina jipya.

"Chipukizi! Habari za leo, chipukizi?"

Chipukizi mwenyewe ana miaka thelathini na tisa, mvi zimeanza kuchungulia kwenye ndevu, na magoti humlalamikia kila anaposimama. Anainua mkono, anatabasamu, anaendelea kusukuma.

Jina hilo linatokana na tuzo. Kila Oktoba, ligi ndogo ya besiboli inayochezwa wikendi na timu za Brussels na miji ya jirani humtangaza Chipukizi wa Mwaka, yaani mchezaji bora kati ya wale walio katika msimu wao wa kwanza. Si ligi ya mishahara. Kila mtu hujinunulia viatu, na nahodha ndiye hupanga viti vya watazamaji. Kwa kawaida tuzo huenda kwa kijana wa miaka kumi na minane au ishirini. Mwaka huu imekwenda kwa baba wa watoto watatu, na nusura isiende.

Ili kuelewa kwa nini aliitaka sana, inabidi kurudi Bukavu, mashariki mwa Kongo. Huko Onésime alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika shule ya sekondari, na kabla ya hapo golikipa wa mpira wa mikono wa shule hiyo hiyo. Alifika Ubelgiji kama mkimbizi, ana cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki. Cheti kikapimwa, kikajadiliwa, kikarudishwa. Akaambiwa aanze masomo upya, naye alikuwa na mke mjamzito na kodi ya nyumba. Akaanza kusukuma vitanda. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa.

"Kazi yangu naipenda, musiandike vibaya," anasema. "Mugonjwa akifika salama, minafurahi. Lakini mwalimu ni mwalimu. Nilikuwa nalota niko mu terrain ya mupira, na filimbi mu kinywa. Naamuka, nakuta ni réveil, saa ya kuamusha, ndiyo inalia."

Tuzo hiyo haina pesa. Mshindi hupata kikombe kidogo na, kubwa zaidi, nafasi ya bure katika kozi ya ukocha wa watoto. Ukijilipia, kozi ni euro 650. Onésime hupokea takribani euro 2,000 kwa mwezi na nyumba inameza 950. Mara mbili alianza kuweka akiba ya kozi, na mara mbili msiba wa Bukavu ukaila. Kwake yeye, kikombe kingeweza kubaki kwao. Alichokitaka ni kozi.

Besiboli aliletewa na chungwa. Lilimponyoka mgonjwa kwenye sinia, na Onésime akalidaka kwa mkono wa kushoto bila kuangalia, wa kulia ukiwa bado unasukuma kitanda. Arnaud, mtaalamu wa kunyoosha viungo katika hospitali hiyo hiyo na nahodha wa timu iitwayo Les Hérons, yaani Makorongo, alikuwa amesimama mlangoni. Akamwomba aje Jumapili kutazama mechi.

Alikwenda. Ila mtu wa Bukavu hafiki kwa watu mikono mitupu, hata kama ni uwanjani. Alikwenda na beseni la maandazi yaliyokaangwa na mkewe, Graciella. Zamu za wikendi zikamzuia kujiunga wakati huo. Miaka miwili baadaye, mwaka huu, akapewa zamu za siku za kazi tu, na Aprili akavaa jezi.

Wakamweka kuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayorushwa kwa kasi usoni pake. Golikipa wa zamani hafumbi macho. Ndani ya msimu, wakimbiaji ishirini na mmoja walijaribu kuiba kituo, yaani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, akiwa analinda yeye. Kumi na watatu mpira wake uliwawahi, wakarudi kukaa benchi wakitikisa vichwa.

Mwishoni mwa Septemba manahodha wa timu zote wakapiga kura. Arnaud akampigia simu: umeshinda, bado kusaini fomu tu.

Habari ilifika Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, kabla yake. Maman Alphonsine Nday, fundi cherehani mwenye chumba kidogo ndani ya Galerie d'Ixelles na mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, aliisikia saa nane mchana. Saa tisa alikuwa kwenye maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre anachagua kitenge. Saa kumi mkasi ulikuwa kazini. Waswahili husema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa, lakini msemo huo, kwa jinsi inavyoonekana, haukupata kusafiri hadi Likasi alikozaliwa fundi huyo. Kwao sherehe bila sare si sherehe, na sare haishonwi kwa siku moja. Alikata nguo za watu ishirini na wawili.

Jioni hiyo Onésime alikaa mezani na fomu. Mstari wa tatu ulisomeka: *Nathibitisha kwamba sikuwahi kushiriki mechi yoyote ya ligi hii kabla ya msimu huu.* Kalamu ikasimama.

Aliikumbuka ile Jumapili ya maandazi.

Siku hiyo Makorongo walikuwa wanane. Sheria inataka tisa, vinginevyo mechi inapotea kabla haijaanza, na mchezaji wa tisa alikuwa amekwama kwenye treni. Ligi huruhusu mtu aandikwe kwa mkono siku ile ile. Arnaud akazunguka macho, akaona mtu mzima mwenye miguu miwili na beseni. Angekataaje, mgeni aliyepokewa vizuri? Akavaa jezi ya kuazima, akasimama pembeni kabisa ya uwanja na viatu vya kanisani. Robo saa tu. Hakuna mpira hata mmoja uliomfikia. Mchezaji wa tisa alipowasili akihema, Onésime akarudi kwenye beseni lake.

Alimpigia Arnaud. Arnaud akacheka. Robo saa! Nani anakumbuka robo saa? Saini, tukanunue kinywaji.

Hakusaini. Alimwendea mkewe jikoni. Graciella ni wa Lubumbashi, na kati ya Lubumbashi na Bukavu utani haulali. Humwita mumewe Papa Noé, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Papa Noé, beye bantu ba Bukavu munapenda kufunga mambo mu tumbo. Sema."

Akasema.

"Ulicheza ao haukucheza?"

"Nilisimama."

"Na jezi?"

"Na jezi."

"Bon. Ulicheza." Akazima jiko. "Enda useme. Hautafundisha batoto ba bantu kusema kweli na karatasi ya bongo." Bongo, kwao, ni uongo.

Usingizi ulikuwa mgumu, anakiri. Alikuwa anaisukuma kozi ile ile aliyoiota miaka kumi na moja, na anaisukuma kwa mikono yake mwenyewe kuelekea mlango wa kutokea. Asubuhi akaandika barua ya mistari saba na kuituma kwa Élodie, katibu wa ligi, ambaye pia ndiye anayeandika matokeo ya kila mechi ya Makorongo na kuyahifadhi.

Hilo likawa jepesi. Gumu lilikuwa kumkabili Maman Alphonsine.

Alimkuta cherehani ikilia, kitenge cha bluu na njano kimejaa mezani, sakafuni, mabegani mwa mteja. Alieleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Cherehani ikanyamaza.

"Mutoto yangu," mama akasema, "unajua nimekata pagne ya bantu ngapi?"

"Vingt-deux, maman."

"Vingt-deux! Na ya mukubwa wa kwaya, ule mwenye mwili. Ile pagne hairudi ku boutique."

Onésime alitazama viatu vyake. Anasema alikuwa tayari kwa lolote, hata kupigwa rula. Mama alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitenge, na mteja akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Barua umeisha kutuma?"

"Nimetuma, maman."

"Basi acha nishone. Wakikupa, tutavaa. Wakikunyima, tutavaa vilevile, tuende tukuone ukiwapigia bengine makofi. Pagne si ya trophée, si ya kikombe. Ni yako."

Siku nne zikapita bila jibu. Alisukuma vitanda. Simu ilipolia ilikuwa wodi, au maabara, au Graciella akiuliza kama imelia. Siku ya tano, saa nne asubuhi, ikawa Élodie.

Kwanza alimpa sheria. Fomu ile ni ya zamani, alisema, na mstari wa tatu umewatisha wengi. Kanuni yenyewe ni kwamba mchezaji hukoma kuwa chipukizi akishashika gongo na kusimama kupiga zaidi ya mara kumi katika misimu iliyopita. Onésime alisimama kupiga mara ngapi ile Jumapili?

Hata mara moja. Zamu yake ya kupiga haikufika.

Basi yeye ni chipukizi halali, na kozi ni yake.

Kisha Élodie akaongeza jambo. Alikuwa amefungua faili na kuitoa karatasi ya mechi ile. Nafasi ya tisa, kabla ya jina la mchezaji wa treni, palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya risasi. Siku hiyo alikuwa hamjui mgeni yule, na kila mtu alikuwa na mdomo uliojaa, kwa hiyo hakuna aliyemtajia jina. Aliandika: *bwana wa maandazi*.

"Nilimwambia angekaa kimya, hakuna ambaye angejua," anasema Élodie, akicheka hadi anakohoa. "Mimi mwenyewe nisingejua, na ni mwandiko wangu."

Onésime alikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Alikaa pale pale, kwenye kidato, na akalia. Muuguzi aliyepita alidhani amefiwa.

"Si juu ya kozi," anasema. "Bon, juu ya kozi pia, nisidanganye. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba ile robo saa. Mwili yote ikawa mwepesi. Nikajiambia, Onésime, ulitupa ile kitu, na Mungu akakurudishia."

Jumamosi ya sherehe mvua ilisita. Kantini ya uwanja ni banda la mbao lenye viti thelathini, na waliotarajiwa ni ishirini na tano. Saa tisa alasiri basi likasimama, na bluu na njano ikaanza kushuka: mama wa kwaya, waume zao, Graciella na watoto, na mwisho Maman Alphonsine mwenyewe, ameshika sufuria. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa wa pili kwenye kura alipiga picha hadi simu ikazima.

Élodie aliita jina la mshindi, kamili na sahihi. Vigelegele vikapigwa hivi kwamba sehemu ya hotuba haikusikika, na Arnaud, aliyeshauri kusaini na kunyamaza, alionekana akijipangusa macho kwa leso ya karatasi. Baadaye alimwendea Onésime na kumwomba radhi mbele ya watu. Onésime alimjibu kwa kumjazia sahani.

Kozi inaanza Januari na itachukua Jumamosi kumi. Akimaliza, Makorongo watampa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, kila Jumatano alasiri, wakati shule za hapa zinapofungwa mapema. Ameshazungumza na msimamizi wake wa zamu, na siku hiyo atakuwa anatoka saa saba. Hospitali haachi. Filimbi ameshanunua, ipo mfukoni mwa sare yake ya kazi, na mara moja tayari imelia kwa bahati mbaya ndani ya lifti.

Wazazi kumi na wanne wameandikisha watoto. Wanne kati yao wanatoka Matonge, ambako hadi juzi besiboli ilikuwa kitu cha kwenye televisheni.

Anapoulizwa ni lini mazoezi ya kwanza, hafikirii hata kidogo.

"Mercredi ya kwanza ya avril, quatorze heures," anasema, yaani Jumatano ya kwanza ya Aprili saa nane mchana, na tayari ameshika ukingo wa kitanda kinachofuata. "Mukuje muone. Lakini musichelewe. Mwalimu hapendake bantu ba kuchelewa."