Sentensi za Mama Nosipho

Tusidanganyane: safari hii niliifunga kwa wivu. Nyumbani Kitui niliwaambia naenda utafiti. Tasnifu yangu, niliyopaswa kuitetea Mei, ilihusu Kixhosa: bila maneno yapi kitenzi hakikamiliki, na yapi ni nyongeza tu, kama "jana" au "jikoni". Msemaji wangu pekee wa lugha hiyo alikuwa Mama Nosipho, mzaliwa wa Afrika Kusini anayeishi Buffalo, Marekani, na kwa miaka miwili nilimhoji kwa simu. Kisha nikasikia kwamba Wanjiru, Mkenya mwenzetu anayesomea mambo hayohayo Columbus, humtembelea kila mwezi. Msemaji wangu! Roho iliniuma wiki nzima.

Ijumaa asubuhi, Machi 2015, nilitoka Beechmont, mtaa ninaokaa Louisville, kwa basi la jiji, kisha nikapanda la mbali.

Columbus, saa saba mchana. Wanjiru alinipeleka kwake Westerville, akanikaribisha kwa chapati. Zilikuwa laini, na hilo nalo likaniudhi.

"Kesho twende wote kwa Mama, Mutua. Gari iko, ama uko na plan ingine?"

Sikuwa nayo.

Buffalo, Jumamosi adhuhuri. Theluji ilikuwa bado imelundikana kando ya barabara. Mama Nosipho alimkumbatia Wanjiru, mimi akanipa mkono. Wanjiru akaenda moja kwa moja jikoni kumenya viazi. Mimi nikaketi na karatasi zangu kama karani wa mahakama, nikamsomea Mama sentensi ya kwanza ya Kixhosa.

"Mama, hii inasemeka?"

"Nzuri, mwanangu."

Ya pili nzuri. Ya kumi nzuri. Nikaingiwa na wasiwasi, nikatunga moja mbovu makusudi: *USipho ulala inyama*, yaani Sipho analala nyama.

"Nzuri sana," akasema, akaniongezea chai.

Jikoni Wanjiru alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Aki Mama, mwambie ukweli!"

"Ametoka mbali, tena amevaa tai. Nitamwambiaje mgeni amekosea?"

"Na kwenye simu, Mama?" nikauliza.

Akatazama kikombe chake. "Kwenye simu pia ulikuwa mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Wanjiru akasema. "Wewe umekuwa mgeni miaka miwili!"

Jumapili, njiani kurudi Columbus, nilimwambia yote: tasnifu imeoza, na wivu nilikuwa nao. Hakunisimanga. Kituoni aliniazima daftari lake nikalinakili nyumbani.

Nililisoma mpaka Louisville. Lilijaa sentensi ambazo Mama alizikataa: hapana, hapana, hatusemi hivyo, nani kakufundisha upuuzi huu? Nilimwonea wivu kwa kila hapana.